Titi la bandia si udanganyifu, na nguo isiyoumiza si anasa

Nawaomba wasomaji mnivumilie leo, hasa ndugu zangu wanaume. Nitazungumza jambo ambalo sisi wanawake kwa kawaida tunanong'onezana jikoni.

Katika miezi hii ya karibuni nimeulizwa swali moja na wanawake watatu, kila mmoja kwa wakati wake, baada ya darsa. Mwanamke aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, je, ni halali kwake kuvaa titi la bandia? Wa kwanza aliuliza kwa ajili ya dada yake. Wa pili alikuwa amesikia kwenye mawaidha ya harusi kwamba wanaojaza vifua ni wale wale wanaobadilisha maumbile ya Allah. Wa tatu aliuliza kwa ajili yake mwenyewe, na huyu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ana uvimbe, daktari ameshasema titi litolewe, naye ameahirisha mara mbili. Hakuniuliza habari za kisu wala za nusu kaputi. Aliniuliza, "Mwalimu, nikishatoka pale nitavaa nini?"

Wapo watakaoliona hilo ni swali dogo. Mtu yuko kati ya kupona na kufa, anauliza nguo! Lakini mimi nalielewa, kwa sababu mwaka 2019 niliondolewa titi la kushoto, kisha nikamalizia na mionzi pale Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kila asubuhi, kabla ya chai na baada ya swala, jambo la kwanza linalomkabili mwanamke wa aina yangu ni nguo. Hakuna siku inayopita bila jambo hilo.

Saratani ya matiti ni ya pili kwa kuwapata wanawake wa nchi hii, nyuma ya ile ya mlango wa kizazi. Madaktari wanawake wa MEWATA wamekuwa wakipita mikoani kupima matiti tangu katikati ya miaka ya 2000, na bado wengi wetu tunafika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali. Sababu ni nyingi: umasikini, umbali, waganga, aibu. Na mojawapo ni hofu ya kifua kitakavyokuwa baadaye. Sasa fatwa ya mtaani inayomwambia mwanamke kwamba akishakatwa hana ruhusa hata ya kuziba pengo, inamwongezea sababu ya kubaki nyumbani na uvimbe wake. Kwa hiyo hili si suala la urembo, ndugu zangu. Kuna roho za watu hapa.

Wanaokataza wana hoja, na si adabu kuwadharau. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w) amemlaani mwenye kuunganisha nywele na mwenye kuunganishiwa. Na hata alipoletewa habari ya binti aliyenyonyoka nywele kwa maradhi, naye ni bibi harusi, hakuruhusu. Basi, wanasema, ikiwa nywele za mgonjwa zimekatazwa, titi je?

Hoja hii ina nguvu mpaka ukutane na Arfaja bin As'ad (r.a). Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai kwamba swahaba huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, lakini ile fedha ikamletea uvundo. Mtume (s.a.w) akamwamuru atengeneze pua ya dhahabu. Dhahabu, ambayo sote tunajua kuwa ni haramu kwa mwanamume!

Hebu tuitazame vizuri habari hii, maana wengi wetu tunaishia kwenye dhahabu tu. Arfaja alikuwa tayari ana pua ya bandia. Pengo limezibwa, watu hawamshangai. Shida yake ilikuwa kwamba kile alichovaa kinamuudhi. Mtume (s.a.w) hakumwambia kwamba huo ni mtihani wake na avumilie harufu. Alimtoa kwenye kinachomuudhi akampeleka kwenye kisichomuudhi, na katazo la dhahabu likalegezwa kwa ajili hiyo. Kwa maana nyingine, raha ya mgonjwa katika kile anachovaa juu ya jeraha lake imeingia katika hukumu yenyewe.

Na si hadith hiyo peke yake. Zubayr bin Awwam na Abdurrahman bin Awf (r.a), wawili katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, waliruhusiwa kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho wa ngozi. Hiyo iko katika Bukhari na Muslim. Hariri nayo ni haramu kwa wanaume, lakini ngozi iliyokuwa inawasha ilipewa kitambaa laini. Ikiwa muwasho tu umefikia hapo, itakuwaje kwa kifua kilichopasuliwa kutoka mfupa wa kati mpaka kwapani?

Maulamaa wa zama zetu wameyajadili haya. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilikutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, na katika azimio lake juu ya upasuaji wa kurekebisha mwili likaruhusu kuondoa kasoro zilizoletwa na kuungua, ajali na maradhi. Katika mifano liliyoitaja ni kulitengeneza upya titi lote pale lilipokatwa. Sasa, ikiwa kulijenga titi kwa kisu, ndani ya mwili, kumeruhusiwa, kitu kinachovaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku kina haki zaidi ya kuruhusiwa. Nywele zimekuja na katazo lake mahsusi na tunaliheshimu. Ama kubadilisha maumbile, huko ni kukichezea kilicho kizima ili kipendeze zaidi. Aliyekatwa na daktari ili abaki hai hakuchezea kitu.

Lipo suala la udanganyifu, nalo lisipitwe juu juu. Mtume (s.a.w) amekataza ghushi kwa maneno makali. Lakini ghushi ni kumficha mwenye haki ya kujua. Mjane au mtalaka aliyekatwa titi, akija mtu kumposa, huyo mposaji ana haki ya kuambiwa kabla ya akdi. Amwambie mwenyewe au amwambie walii wake, na akitaka kuondoka aondoke salama. Hapo sina ugomvi na wanaokaza. Ama konda wa daladala, jirani wa dirishani, na wanawake waliokaa kwenye mkeka wa khitma, hao wana haki gani juu ya kifua changu? Kuwafunika hao macho kunaitwa stara, na stara ndiyo tuliyoamrishwa.

Wifi yangu mmoja, Allah amhifadhi, aliniambia kwa nia njema kabisa, "Wifi, wewe si unavaa baibui, nani atakuona?" Nilicheka. Mabaibui ya siku hizi ni mepesi, yanalala mwilini, upepo wa Posta ukivuma kila kitu kinaonekana, pamoja na kile kisichokuwepo. Na hivi mwanamke wa Kiislamu anaishi ndani ya baibui saa ishirini na nne? Ana nyumba, ana mume, ana watoto wa kike, ana shughuli za wanawake watupu ambako mabaibui yanatundikwa ukutani. Zaidi ya hayo kuna mwili wenyewe. Titi lina uzito. Likiondoka moja, hasa kwa aliyejaaliwa kifua kikubwa, upande uliobaki unavuta, bega linashuka, shingo na mgongo vinaanza kulalamika. Titi la bandia lenye uzito unaokaribia ule wa lililobaki linarudisha mizani hiyo. Ndiyo maana naliita tiba.

Sasa niingie kwenye nguo, maana huko ndiko kwenye kazi ya kila siku.

Ukitoka upasuaji, mkono wa upande ule haupandi. Kuufikisha begani tu ni shughuli. Maana yake kila nguo inayopitishwa kichwani inakuwa adui yako kwa wiki kadhaa. Angalieni makabati yetu: dera linapita kichwani, baibui la kuzamia linapita kichwani, gauni la kitenge lina zipu mgongoni ambako mkono haufiki. Kabla ya kwenda kulazwa, mwanamke apeleke madera yake mawili matatu kwa fundi cherehani, yachanwe mbele mpaka kiunoni na kuwekwa vifungo vikubwa. Atafute baibui la kufungua mbele. Shati la mume lililochakaa, la pamba, lenye vifungo, ni nguo nzuri kuliko zote kwa siku zile za kwanza. Kuvaa, mkono mgonjwa uingie kwanza. Kuvua, utoke mwisho. Kitambaa kiwe cha pamba. Hizi nguo za nailoni zinazong'aa, kwa joto la Dar es Salaam, zinashika jasho na kuukera mshono.

Khanga nayo ina mambo yake. Sote tumezoea kuifunga juu ya matiti tukiwa nyumbani. Ukishakatwa, fundo linakaa pale pale penye mshono, na hata kidonda kikipona khanga haikai, inateleza upande mmoja. Ifungwe nyuma ya shingo, kama wafungwavyo watoto. Mwanzoni unajiona kichekesho, baada ya wiki umeshazoea.

Wengi hutoka wodini na mrija mmoja au miwili iliyoshonewa ubavuni, ikiishia kwenye chupa au kimfuko cha kukusanyia majimaji. Hukaa wiki moja, mbili hivi, kwa kadiri daktari anavyoona majimaji yanapungua. Chupa hiyo inatakiwa iwe chini ya kidonda ili majimaji yashuke. Mimi nilishonewa mfuko wa kitambaa ndani ya dera, usawa wa nyonga, chupa ikawa inalala humo, na mtandio mpana juu yake. Hakuna aliyejua. Walioning'iniza chupa shingoni kwa kamba ya plasta, nimewaona wakijuta. Na kwa anayelazimika kupanda daladala kurudi kliniki, abebe kimto kidogo laini akiweke kwapani; kiwiko cha abiria mwenzako hakina habari na mshono wako.

Hapa ndipo wengi wanapoacha swala, kwa kudhani wamekuwa najisi mpaka mrija utoke. Katika madhehebu yetu ya Shafi, damu inayotoka kwenye jeraha haitengui udhu. Kifua si kiungo cha udhu, kwa hiyo bandeji ya kifuani haikuzuii kutawadha. Kwenye josho la wajibu, mgonjwa huosha palipo pazima, hupangusa juu ya bandeji, na hutayamamu kwa ajili ya pale pasipofikiwa na maji. Chupa ya majimaji ni dharura, aswali nayo. Mkono ukishindwa kupanda kwenye takbira, unyanyuliwe pale unapofika. Imran bin Husayn (r.a) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akaambiwa na Mtume (s.a.w) aswali amesimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Mwenye hali yake mahsusi amuulize sheikh wake, lakini asikae wiki mbili bila swala kwa sababu ya chupa.

Titi la bandia lenyewe lisiharakishwe. Katika wiki za kwanza, kidonda kikiwa kibichi, kama mtu anahitaji kutoka na hataki pengo lionekane, na daktari ameona hakuna ubaya, kinachofaa ni kitu chepesi mno: kitambaa laini cha pamba kilichoshonwa mfano wa titi na kujazwa pamba au sponji laini. Kinawekwa ndani ya shimizi, au ndani ya sidiria laini isiyo na waya, yenye mikanda mipana na ukingo wa chini usiobana. Waya ni marufuku, kwa sababu unapita juu ya mshono. Lile zito la silikoni lisubiri mpaka kidonda kipone sawasawa na uvimbe wa upasuaji uishe. Mara nyingi ni wiki sita hadi nane, na kwa anayepigwa mionzi huwa zaidi. Mionzi inaichoma ngozi mithili ya jua kali. Wakati huo mimi sikuvaa sidiria kabisa, nilivaa fulana ya pamba iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ngozi ya pale inabaki na ganzi, pengine kwa miaka. Sidiria inaweza kukuchubua na usijue. Kwa hiyo kila usiku, ukivua, simama mbele ya kioo ukaangalie. Najua wengi hatutaki kukiangalia kioo hicho. Tuangalie hivyo hivyo.

La kushona mwenyewe linawezekana, na sisi katika darsa tumeshona mengi. Chukua sidiria unayoizoea, pima ndani ya kikombe cha upande mzima, kata pamba laini, nyuma iwe bapa na mbele pachomoze. Sufi ni nyepesi na ya asili, lakini ikifuliwa inajikusanya mabonge. Nyuzi za mito ya kisasa zinavumilia maji zaidi. Tatizo la vyepesi vyote ni kwamba vinapanda. Unaondoka nyumbani titi liko mahali pake, ukifika Kariakoo liko karibu na shingo. Dawa yake ni kuweka uzito kidogo sehemu ya chini, shanga za kioo zilizofungwa ndani ya kimfuko, na kushona mfuko wa kitambaa ndani ya sidiria ili titi liingie humo na kutulia. Wapo wanaojaza mchele au choroko. Uzito unapatikana, sikatai, lakini kwa jasho la pwani utafuga ukungu na wadudu kifuani.

Mfuko huo wa ndani ya sidiria ni muhimu kwa mwenye kuswali kuliko kwa mwingine yeyote. Sisi tunarukuu na kusujudu mara nyingi kwa siku. Titi lililowekwa tu bila mfuko linatoka kwenye rukuu ya pili, na ukishalidaka mara moja mbele ya safu ya wanawake, khushui yote imeondoka. Kwenye josho livuliwe, maji yafike kwenye ngozi.

La silikoni ndilo linalokaribia titi la kweli kwa uzito na namna linavyotikisika. Yanakuja ya kulia na ya kushoto, mbalimbali kama viatu. Mmarekani Ruth Handler, yule yule aliyebuni mwanasesere Barbie, alikatwa titi mwaka 1970, akaona yaliyokuwa madukani hayavaliki, akaanzisha kampuni ya kuyatengeneza yenye sura ya kibinadamu, akayaita Nearly Me. Mwanasesere wake tunamsema vibaya kwenye mihadhara, na tuna haki, lakini kwa hili la pili bibi yule aliwafaa wanawake wengi. Silikoni inaoshwa kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida na kukaushwa kwa taulo. Kwa kuwa inashika joto, katikati yake na ngozi pawe na pamba, vinginevyo utapata vipele. Na adui yake mkubwa kwetu ni pini ya ushungi. Mwanamke anabandika mtandio kifuani kwa pini, pini inapenya, silikoni inavuja, na fedha imekwenda. Bandika begani upande mwingine, au tumia mtandio unaozungushwa bila pini.

Nisisahau mkono. Tezi za kwapani zikitolewa au zikipigwa mionzi, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Basi mabaibui yenye mpira uliobana kwenye kifundo, bangili za kubana, pete inayoingia kwa sabuni, na mkoba mzito begani, vyote tuvihamishie upande wa pili au tuviache. Ukiona mkono wa gauni unaacha alama ambayo jana haikuwepo, au pete imeanza kubana, nenda kliniki mapema.

Na atakayesema yeye hataki titi la bandia kabisa, amepona na kifua chake kilivyo, huyo asilazimishwe. Sikusema ni wajibu. Nawajua wanawake wawili wanaotembea hivyo na wana amani zao. Ninachokataa ni mwanamke kunyimwa hiari hiyo na watu ambao hawakuombwa ushauri.

Nije kwa waume. Bei ya silikoni na sidiria yake kwa mtu wa kipato cha kawaida si ya mchezo, na ndiyo maana ikifika hapo utasikia, "Hayo ya urembo tutaangalia mbele ya safari." Mume yule yule ameuza kiwanja kulipia upasuaji, Allah amlipe kheri, lakini hili anaona ni poda na wanja. Miwani ya mume ni urembo? Gongo la babu ni urembo? Tulihesabu katika matumizi ya tiba tangu siku ya kwanza. Wapo pia waume ambao mke akiwa bado na mrija ubavuni wanakumbuka kwamba sharia imeruhusu wa pili. Imeruhusu. Imeamrisha pia kukaa nao kwa wema, na aya hiyo sijawahi kuisikia ikisomwa kwenye vikao vya posa za namna hiyo.

Na kamati zetu za misikiti: tunachangisha mikeka, feni na vipaza sauti. Ni kheri. Lakini masikini anayestahiki zaka akipewa haki yake, anaweza kuitumia kwa haja hii, na sadaka haina mpaka. Robota moja la pamba laini na cherehani iliyoko madrasa vingetosha wanawake wengi. Katika hospitali moja niliyokuwa nahudhuria, nilimuuliza muuguzi matiti ya bandia yanapatikana wapi, akaniangalia kama niliyeuliza njia ya kwenda mwezini. Simlaumu sana, hakuna aliyewahi kumletea hata moja la kumwonyesha mgonjwa.

Yule wa tatu alikuja nyumbani Alhamisi moja baada ya Alasiri. Niliyaeleza haya ya Arfaja, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza kwa heshima. Kisha nikatoa langu kwenye mfuko wake nikampa mkononi. Akalipima uzito, akalibonyeza, akaliweka juu ya baibui lake mbele ya kioo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Akauliza kama linaumiza. Nikamwambia la silikoni linanichosha likifika saa nane mchana, naweka la pamba. Akauliza kama mume wangu ananiangalia. Nikamjibu, na jibu hilo ni langu na lake.

Upasuaji wake amefanyiwa wiki tatu zilizopita. Kwa kuwa alichelewa, tezi za kwapani zilikuwa zimeshaguswa, na sasa anaanza dawa za dripu, tumwombeeni. Madera yake manne tumeyachana na kuyatia vifungo kabla hajalazwa. Jumamosi ijayo, insha Allah, tunashona tena baada ya darsa, na wenye haja kama yake wanakaribishwa. Kila mmoja aje na sidiria yake aliyoizoea, si mpya, na isiyo na waya.

Wabillahi tawfiq.